Kabula Alivyonipita Mwaloni

Nimestaafu.

Najua mnacheka. Mstaafu gani huyu ambaye kesho asubuhi yuko paredi na soksi moja imelegea? Lakini utaratibu wa mradi ndivyo ulivyo: ukiingia muhula wa mwisho wa kidato cha nne unarudisha kitambulisho, unarudi kwenye fizikia, na kazi wanaichukua wa kidato cha pili. Yaani ninyi. Mwalimu wa biolojia kasema niwaandikie yatakayowafaa. Nikamuuliza nianzie wapi na niishie wapi, akasema, "Maduhu, maswali yako ndiyo yanayonizeesha. Andika."

Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo kilikuwa kimoja, mtafiti kijana, na tulikuwa nacho wote. Mshahara ulikuwa soda, na soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Nitakayemtaja sana ni Kabula wa kidato cha tatu, ambaye mtafanya kazi chini yake. Nawaambia mapema ili msije mkasikia kwa watu: namwonea wivu. Nilianza siku ya kwanza na sijapumzika hata Jumapili. Watu husema wivu unakondesha. Mimi suruali zinanibana.

Kwa wale mliohamia juzi: watu wa chuo kikuu walikuja hapa Mwakitolyo kwa sababu ya zebaki. Wengi mmeiona, ile kama maji ya fedha inayokimbiakimbia ukiimwaga. Pale mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, mama anaikoroga na mchanga kwenye karai, kwa mikono. Zebaki inaikamata dhahabu, anaikamua kwa kitambaa, linabaki donge. Donge analichoma kwenye jiko la mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ule mvuke haunuki na huuoni, na hiyo ndiyo hila yake. Unaingia kwa mtu kama mgeni asiyepiga hodi.

Watu wa chuo walisema hawakuja kutupima kama ng'ombe wa kwenye josho halafu waondoke. Walitaka tufanye utafiti pamoja: kina mama wa mwaloni walete maswali yao, sisi wanafunzi tukusanye sampuli, wao walete mashine na elimu ya kuzisoma. Maneno yalikuwa mazuri. Niliyaamini nusu, kwa sababu mpaka pale hakuna aliyekuwa amesema habari za chakula.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Naishi na dada yangu Milembe, Mama Sayi, ambaye ni muoshaji pale mwaloni. Mama yetu alinitoa Ngokolo, Shinyanga mjini, akasema mji unanirefusha mdomo, akanipeleka kwa dada. Shemeji yuko mashimoni upande wa Geita, anakuja anapokumbuka njia. Kwa hiyo nyumba ni sisi watatu: dada, Sayi ambaye alikuwa bado anatambaa, na mimi. Na dada alikuwa anachomea jikoni, jiko lile lile la uji, mlango umefungwa, Sayi amelala kwenye kanga pembeni. Siku moja alikuwa ananimiminia chai nikaona mkono wake unatetemeka, chai inaingia kwenye sahani. Nikamwambia, "Dada, unapiga ngoma bila ngoma?" Akacheka. Akasema ni uchovu wa kutwanga mawe.

Siku ya kwanza ya kazi tulikusanyika darasani. Aliyeongoza ni Daktari Neema, mwanamke mpole mwenye rasta zilizofika kiunoni. Alikuja na fundi wake wa maabara, Kaka Deo, mwenye kipara kinachong'aa kama sufuria ya harusi. Mezani kulikuwa na kifaa chenye skrini na mrija, kinachonusa hewa na kulia kikikuta zebaki. Nilikiona wa kwanza, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, jambo ambalo sijawahi kulifanya shuleni.

Daktari akauliza, "Nani ana mkono mtulivu?"

Tukanyoosha mikono. Nikaona darasa limenuna mno, nikautikisa wangu kama bodaboda wa Katoro kwenye matuta ya barabarani. Watu wakacheka. Kabula hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekaa hewani kama umewekwa na fundi seremala. Akapewa kifaa. Mimi nikapewa boksi la barafu.

"Usinune," Kaka Deo aliniambia tukiwa njiani, jasho linanitoka. "Kifaa kikizima, tunabadilisha betri. Sampuli ikiharibika, utabadilisha nini? Anayebeba barafu ndiye anayebeba kazi."

"Basi nibadilishane na Kabula, na yeye aonje heshima hiyo."

"Mdomo wako huo," alisema Kaka Deo, "ungekuwa na mpini ningelimia."

Ndiye aliyenifundisha kazi, na haya nawarithisha. Boksi la barafu halikaliwi hata ukichoka vipi. Chupa inaandikwa kabla haijalowa, tena kwa penseli, maana wino unakimbia. Mkasi unafutwa kwa spiriti kila baada ya mtu, na unafutwa mbele yake aone. Na huanzi na swali. Unaanza na salamu, unauliza mvua, mifugo, mtoto aliyekuwa anaumwa, ndipo useme kilichokuleta. Hilo la mwisho Kabula alikuwa nalo tangu kuzaliwa. Yeye ni wa hapa hapa. Akimkuta mama wa makamo anapiga goti, anamwamkia "mwadila mayu", yaani shikamoo mama, kwa sauti ya chini, na yule mama uso unalainika. Kisukuma changu ni cha Ngokolo. Niliposalimia, bibi mmoja alinishika bega akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Sasa kesi ngumu. Utafiti ulihitaji vitu viwili kwa kila mtu: mkojo na nywele. Daktari na wenzake walikuwa wamehangaikia mkojo. Walileta pazia, wakaleta chupa zenye vifuniko vya rangi, wakatufundisha namna ya kusema bila kumwaibisha mtu. Nilikuwa nimeandaa vichekesho vya kutosha muhula mzima. Havikuhitajika. Kina mama walichukua chupa, wakaenda nyuma ya pazia wakiimba, wakarudi wanashindana nani kajaza. Mwenyekiti wao, Mama Lugata, aliniwekea yake mkononi na kuniambia, "Shika vizuri baba, hiyo ni mali ya serikali."

Kisha Daktari akatoa mkasi. Akasema, kwa tabasamu, kwamba sasa angeomba kishungi kidogo cha nywele kutoka kisogoni.

Mtu mmoja akajifunga kitambaa upya. Mwingine akakumbuka ana maharage motoni.

"Nywele zetu," alisema Mama Lugata taratibu, "mnazipeleka wapi?"

"Maabara, mama. Mjini."

"Zikikaa huko zinakaa na nani?"

Daktari akaeleza mashine. Akaeleza vizuri sana. Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyosogea nyuma. Ninyi mmekulia hapa, sina haja ya kuwafafanulia. Mkojo ukimwagwa umekwisha. Nywele haziozi. Mwenye nywele zako ana kamba yako, na hujui ataifunga wapi. Mama anayechana mtoto wake hapa anaokota hata unywele mmoja ulioanguka. Halafu mgeni kutoka mjini, mwenye mkasi wa kung'aa, anataka kishungi, tena akiweke kwenye bahasha yenye jina lako! Hawa watu wa chuo walikuwa wamesoma kila kitu isipokuwa hicho.

Tulirudi darasani na bahasha tupu. Daktari Neema alikaa, kichwa mikononi, akauliza kwa uchovu, "Jamani, mnashauri nini? Huu si utafiti wangu peke yangu."

Hapo mnielewe vizuri. Mimi, Maduhu, nikiwa nyuma nimekalia ndoo, nilisema: "Daktari naye anyolewe basi! Wao wabaki na zake, ngoma iwe droo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanikazia macho. Daktari akatabasamu kidogo, kama mtu aliyefukuza nzi. Kicheko kilipotulia, Kabula akanyoosha mkono, akasimama, akasema:

"Daktari, naomba kushauri. Kama kila mama akipewa kishungi cha nywele zako akae nacho mpaka majibu yarudi, atajua huwezi kumfanyia ubaya, kwa sababu na yeye anazo zako. Majibu yakija, kila mtu anarudishiwa chake."

Daktari akainua kichwa. "Kabula," alisema, "hilo ni wazo kubwa sana."

Nilitaka kumeza ile ndoo. Neno ni lile lile! Nimelisema mimi likaitwa utovu wa nidhamu, amelisema yeye limeitwa wazo. Tofauti yetu ilikuwa kunyoosha mkono. Siku zile sikulala vizuri, na nikilala namwota anakubaliwa.

Kesho yake Daktari aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa katikati ya mwalo, akasema, "Kina mama, nimekuja na zangu." Mama Lugata akamzunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hizi za dukani," alisema akivuta rasta moja. "Hizi ukituachia unatuachia nailoni. Tunataka zilizoota."

Basi wakamfumua. Kina mama kama watano wakamvamia kichwani na sindano, kucha na meno ya kitana, wanaongea wote kwa pamoja, na Daktari amekaa kama mtoto anayesukwa kwa ajili ya Krismasi. Rasta zikarundikwa juu ya kiroba. Chini yake zikatoka nywele zake mwenyewe, fupi, na upande mmoja zilikuwa na mvi.

"Kumbe na wewe umechoka hivi!" Mama Lugata alipiga makofi. "Bebe! Na tulikuwa tunakuogopa!"

"Nimechoka mayu," alisema Daktari, na kina mama wakacheka alivyolitamka.

Kaka Deo naye akaitwa. Akavua kofia, wakaona kipara, mwalo mzima ukalala chini kwa kicheko. Ikabidi atoe ndevu. Alikatwa za kidevuni mpaka akabaki kama yai. Nikamwambia, "Kaka Deo, sasa ukigeuzwa kichwa chini miguu juu, hatutajua tofauti." Huo mpini alioutaka alikaribia kuupata siku hiyo.

Nywele zikaanza kutoka. Kila mama alitoa kishungi chake, akapewa cha Daktari kwenye kipande cha kitambaa, akakifunga kwenye pindo la kanga. Jioni Daktari alikuwa amebaki na upara wa mabakamabaka, akiwa na furaha isiyo na maelezo.

Wiki chache baadaye tulipelekwa Shinyanga mjini kuwaeleza wataalamu wengine tulivyofanya kazi. Nilikuwa nimepiga pasi shati. Daktari akasimama mbele ya watu wenye tai akasema njia ile ya kupeana nywele ni wazo la Kabula. Makofi. Mimi nikapiga matatu, ya adabu.

Kabula akasimama. "Samahani Daktari," alisema. "Wazo lilikuwa la Maduhu. Yeye alilisema wa kwanza, akicheka. Mimi nililirudia tu bila kucheka."

Wote wakageuka kuniangalia. Mngedhani nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo! Nilikuwa nimeutunza wivu ule vizuri, nimeulisha, umenenepa, una sababu halali kabisa. Yeye akaja akaichukua sababu hadharani, kwa adabu, akaniacha na wivu mtupu usio na mahali pa kukaa. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Na nyumbani kwangu nywele hazijatoka. Mwalo wote umetoa, dada yangu hajatoa. Mimi, mtafiti, mwenye kitambulisho shingoni, nalala nyumba moja na mtu aliyegoma. Nilimbembeleza. Nilimtisha. Nilimwigizia Daktari anavyofumuliwa, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema, "Hapana, mdogo wangu. Nywele zangu nazipenda zilipo." Na donge lake likaenda jikoni, mlango ukafungwa. Nilikuwa namchukua Sayi nakaa naye nje mpaka aite. Wakati mwingine nikiwa shule hakukuwa na wa kumchukua Sayi.

Siku moja narudi nakuta Kabula yuko jikoni kwetu, amekaa kwenye kigoda, anamenya karanga na dada.

"Umefuata nini?" niliuliza.

"Karanga," alisema Kabula.

Hakutaja nywele. Hakutaja zebaki. Waliongea habari za ng'ombe wa mtu aliyevunja uzio, wakaagana. Nikamfuata mpaka njiani. "Hiyo ndiyo kazi? Kula karanga za watu?"

"Kaka Maduhu," alisema, "dada yako haogopi wachawi."

"Wewe umejuaje?"

"Mtu anayeogopa wachawi hasuki nywele nje barabarani. Yeye kila Jumamosi anasukwa pale kwa jirani, nywele zinapeperuka mpaka kwenye kuku."

Nimeishi na dada miaka, kila Jumamosi nampita akisukwa, na kuku wale nawafukuza mimi.

Kabula akarudi tena wiki ile, na tena. Mimi nikawa napasua kuni nje ya dirisha la jikoni. Kuni hazikuhitajika, tulikuwa nazo za kutosha kuchomea kijiji. Mara ya mwisho nikasikia dada anasema, "Wewe mtoto, mbona huniulizi nywele zangu?"

"Nasubiri uniambie unaogopa nini, dada."

Karanga zikaacha kulia kwenye ungo. Kisha dada yangu akasema, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kupewa, kwamba mikono yake ilianza kutetemeka kabla Sayi hajazaliwa. Kwamba usiku inakufa ganzi. Kwamba wakipima wakasema ni zebaki, itamaanisha ameinyonyesha kwa mwanawe, na akishajua hilo atamtazamaje Sayi usoni? "Nisipopimwa," alisema, "ni uchovu."

Nilisimama na shoka. Mimi niliyemwuliza habari za ngoma na chai, mimi ninayekula sahani moja naye, yale maneno hayakuletwa kwangu. Yaliletwa kwa binti wa kidato cha chini yangu aliyekuja na mikono mitupu kumenya karanga. Mnajua wivu wa kifaa? Ule ulikuwa mchezo wa watoto. Huu ulikuwa wa mtu mzima.

Kabula hakumpa pole. Alisema tu, "Ukijua, unaweza kuacha. Usipojua, utaendelea kumpa." Baadaye kidogo dada akaniita dirishani, maana kumbe alijua muda wote kwamba nipo. "Maduhu, acha kuua hizo kuni. Lete mkasi wako." Nikakikata mwenyewe kile kishungi cha kisogoni, na cha Sayi, Kabula akishika bahasha. Niliufuta mkasi kwa spiriti mbele ya dada kama nilivyofundishwa. Mkono wangu ulikuwa mtulivu siku hiyo. Hakuna aliyeona.

Wakati tunasubiri majibu, kulitokea swali ambalo kina mama walilileta wenyewe: kwa nini tunachomea ndani? Daktari alidhani ni upepo. Mwenzake alidhani ni mvua. Mama Lugata akatikisa kichwa. "Ni macho," alisema. "Ukichomea nje, jirani anaona donge lako. Likiwa kubwa, kesho una mgonjwa, una mwizi, una ndugu usiowajua. Likiwa dogo wanakucheka. Donge ni kama uchi, mwanangu. Linavuliwa ndani."

Kwa hiyo mradi ukajenga kibanda cha kuchomea, mbali na nyumba, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda porini, na ndani yake chungu cha chuma chenye bomba la kuurudisha mvuke. Kilijengwa vizuri, na kikakaa bure. Mbuzi ndio walikitumia kwa kivuli. Kila mama alikisifu na kila mama alichomea jikoni kwake. Nilikuwa nawaelewa kuliko Daktari. Kwa habari ya macho ya jirani, pale mimi ndiye nilikuwa profesa.

Majibu yakaja. Kila mtu aliitwa peke yake chini ya turubai, aweke kile kishungi cha Daktari mezani, achukue chake, asikilize. Aliruhusiwa kuingia na mtu mmoja amtakaye. Nilivaa kitambulisho, nikasimama tayari. Jina la dada likaitwa. Akanikabidhi Sayi mikononi.

"Kabula," alisema, "nzugu, twende."

Wakaingia. Mimi nikakaa juani na Sayi, ambaye alikuwa anajaribu kunila kitambulisho. Turubai halina dirisha la kupasulia kuni. Nilijua tu kwamba ndani mtu fulani ameshika mkono wa dada yangu, na si mimi. Nikamwambia Sayi mambo mengi kuhusu Kabula ambayo akija kukua nitayakanusha.

Dada akatoka macho mekundu. Kabula akasalimia akaenda zake, kwa kuwa ana akili hata ya kuondoka. Dada akaniambia bila mzunguko: yake iko juu, juu kuliko kina mama wengi. Ya Sayi imepanda kidogo, siyo kama yake. Daktari kasema aende hospitali aangaliwe, na kwamba akiuacha ule mvuke mwili utaanza kuusafisha, pole pole, na mkono unaweza kutulia.

Mimi nilikuwa na swali moja, na haya hayakunizuia.

"Mbona hukunichagua mimi?"

"Kwa sababu wewe ungenichekesha," alisema. "Na mimi leo nilitaka kulia. Halafu ningelia mbele yako, ningekupikia kesho kwa uso upi? Wewe ni wa nyumbani, Maduhu. Nyumbani si kila kitu kinamwagwa."

Sina hakika kama nilipewa heshima au nilinyimwa. Bado nalifikiria.

Siku tatu zile za mwanzo hakuchoma. Donge likakaa kwenye kikombe juu ya kabati, na nyumba inahitaji unga. Nilikuwa naliangalia nikila, naye anaona ninavyoliangalia. Akilichomea jikoni, basi nywele, karanga, turubai, vyote vimekuwa mchezo, na Sayi anarudi kwenye kanga yake pembeni ya jiko. Akilipeleka kibandani, mwalo mzima utaona Mama Sayi ana kiasi gani. Sikusema neno. Kwangu mimi hilo ni sawa na kufunga mwezi mtukufu.

Mchana mmoja mwalo umejaa, akalichukua. Hakulifunga kwenye kanga. Alimfunga Sayi mgongoni kwangu, akasema nimfuate, akapita katikati ya mabwawa yote, mkono ameunyoosha mbele, kiganja wazi, donge limekaa juu yake. Mkono ulikuwa unatetemeka na donge linatetemeka nao. Makarai yakasimama.

"Tazameni," alisema dada yangu. "Mkitosheka mniambie, nilichome."

Mama Lugata akalitazama. "Dogo," alisema.

"Dogo hivyo hivyo," alisema dada, "linanitetemesha hivi. Lingekuwa kubwa je?"

Akawafukuza mbuzi, akaingia kibandani, Kaka Deo akamwonyesha namna ya kufunga chungu. Wakachoma. Kabula akasimama pale walipokaa kina mama na kifaa chake, ule mkono wa fundi seremala, na kifaa hakikulia. Mama mmoja akauliza dada alipotoka, "Mama Sayi, nani kakupa moyo huo?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake kabisa, na mtoto wake mgongoni mwangu.

"Kabula," alisema dada.

Kina mama wakapiga vigelegele, mwalo mzima, kwa ajili ya Kabula. Na mimi, wadogo zangu, nikapiga kigelegele. Najua mwanamume hapigi. Kilikuwa kibaya, kimejaa wivu kutoka mwanzo mpaka mwisho, Sayi akashtuka akaanza kulia. Lakini kilikuwa kirefu kuliko vyote, kiliendelea wenzangu wote walipokwisha kunyamaza, mpaka Kabula akageuka kutafuta ni nani.